Intaneti ya Marehemu

Somo la kwanza lilikatika dakika ya kumi na moja. La pili halikufika hata hapo. Mwanafunzi wangu, bibi mmoja wa Uswidi anayetaka kujua Kiswahili kabla hajaja kutembea huku, aliganda mdomo wazi kwenye skrini kama picha ya kitambulisho, na alipozinduka alikuwa keshachoka na mimi. Kampuni ya kufundisha lugha ikaniandikia kwa adabu yao ile inayouma: mwalimu mpya hupewa masomo matatu ya majaribio, limebaki moja, Jumatano saa nne asubuhi. Likikatika na hilo, tunakutakia kila la heri.

Kila la heri yenyewe naijua. Ni kwenda Dar es Salaam kwenye duka la vipuri la mjomba Ishak, ambaye ameshaniwekea godoro stoo. Na mama abaki peke yake hapa kijijini Vitongoji, kwenye nyumba ya vyumba vinne, miezi saba tangu baba afariki. Mtoto wake ni mimi tu. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Basi nikaivamia ruta, kile kisanduku cha kugawia intaneti. Niliizima nikaiwasha. Niliitoa juu ya kabati la vyombo nikaiweka dirishani, inakopata mawimbi ya mnara. Nikaisafisha vumbi kwa brashi ya meno, ujinga mtupu, lakini mtu akihangaika hafanyi ya akili peke yake. Nikapiga simu huduma kwa wateja, dada mmoja mwenye sauti nzuri akaniambia niizime niiwashe. Kila nikipima kasi, saa kumi na moja alfajiri intaneti inakimbia, ikifika saa tatu inatambaa. Mwisho nikafungua ukurasa wa mipangilio nikaangalia nani kaunganishwa. Kompyuta yangu ilikuwemo, na simu ishirini na tatu za watu.

Sikuweza hata kuwaita wezi. Siku ya hitma, kisomo cha arubaini ya baba, mama alimwita Shehe Mabruki mlangoni akampa maneno ya kutangaza: intaneti ya nyumba hii, aliyoiweka marehemu kwa mkono wake, kuanzia leo ni sadaka yake. Asome anayesoma, azungumze na jamaa zake anayezungumza. Watu walilia. Mimi pia nililia, na kesho yake nikachukua rangi nyekundu nikaandika neno la siri kwenye ukuta wa baraza, kwa herufi kubwa, wazee wasipate tabu ya miwani.

Jumanne nikamfuata mama jikoni.

"Mama, naomba nibadilishe lile neno la siri. Saa moja tu, kesho, nisomeshe."

"Nshaitoa mbele za watu, Hafidh. Ntairudisha kwa uso gani? Kila ntoto anaposoma hapo barazani, babaako thawabu inamfikia huko aliko."

"Na wanaoangalia mpira?"

"Hao Mungu anawajua."

"Saa moja, mama!"

"Si yangu tena, baba. Waombe wenyewe."

Niliona uonevu. Nyumba yetu, ruta yetu, nikaombe nje kama mgeni. Lakini nilikwenda. Barazani alikuwepo Bi Mgeni, jirani yetu, akizungumza na bintiye aliyeko Maskati, na Safari wa bodaboda, na kundi la vijana wa sekondari na madaftari yao. Nikaeleza yote, mpaka godoro la stoo.

"Weye ntoto weye," akasema Bi Mgeni, "siku zote hizo unaumia na sie tumekaa hapa? Mbona hukusema?"

"Saa moja ni nini?" akasema Safari. "Hata ukitaka siku nzima."

Nikarudi ndani nimeona haya kwa hasira zangu.

Jumatano saa tatu na nusu nilipochungulia nje, nilikuta watu wamejaa. Safari alikuwa amepita nyumba hadi nyumba. Ili pasiwe na wa kushukiwa, wamekubaliana kila mmoja alete simu yake aiweke kwenye mkeka, mbele ya macho ya wote, mpaka nimalize. Bi Mgeni alileta mbili, yake na ya mjukuu wake. Shehe Mabruki akaniombea dua, wakaitikia amina. Mama alisimama mlangoni na mtandio wake wa kusalia, uso umemnawiri kama ambavyo sijauona tangu msiba. Nikafunga mlango wa chumba changu kwa furaha.

Dakika nane za mwanzo zilikuwa tamu. Bibi wa Uswidi alinisalimia, akasema "shikamoo" nikamjibu marahaba, akacheka. Msimamizi wa kampuni alikuwa anasikiliza pembeni na kamera yake imezimwa. Dakika ya tisa uso wa bibi ukaanza kugeuka vipande vya mraba. Nikasema, "Unanisikia?" Nikasema tena. Sauti yangu mwenyewe ikanirudia imechelewa, imechakaa. Dakika ya kumi na nne skrini ikawa nyeusi.

Nilitoka nikipumua kwa nguvu. Yupo mmoja aliyedanganya, na mimi nitamjua, na leo atanitambua.

Hakuna aliyedanganya. Wote walikuwa wamekaa kimya, mikono mapajani, hata watoto. Simu zilikuwa zimepangwa kwenye mkeka, hazijaguswa, na kila moja ina waya wa chaji. Mama, kwa wema wake, alikuwa ametoa zile soketi za kurefushia umeme zilizotumika hitmani, maana madhali simu hazitumiki, bora zijae chaji. Nikaokota ya Safari. Ilikuwa inajisasisha, inashusha programu mpya, imefika asilimia sitini na mbili. Ya Bi Mgeni ilikuwa inapeleka picha zote za wajukuu zake kuhifadhiwa mtandaoni. Simu ikilala kwenye chaji na intaneti ipo, hujua mwenyewe kapumzika, ndipo inapofanya kazi zake zote ilizokuwa imeziahirisha. Nalijua hilo. Mimi ndiye ninayewatengenezea simu zao, nalijua siku nyingi, na sikuwaambia wazizime.

"Enhe, mwalimu," akauliza Bi Mgeni, "tumekufaa? Hatukugusa hata moja."

"Mmenifaa sana," nikasema. "Ahsanteni. Chukueni simu zenu."

Nilitamani apatikane wa kumgombeza. Hakupatikana.

Barua ya kampuni ilifika kabla ya adhuhuri, na heri zao zote ndani yake. Nilimkuta mama anakuna nazi.

"Mama, Jumamosi nakwenda Dar kwa mjomba. Hapa intaneti hainitoshi."

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. Akaweka kifuu chini, akanyanyuka akaelekea ukumbini. Nikadhani anakwenda kusali. Mara nikasikia vijana barazani wakiguna kwa pamoja, "Aaah!"

Akarudi anafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nshalizima lile sanduku lao," akasema. "Nimeling'oa na waya wake. Watu ntawaomba radhi, na babaako ntamwomba radhi mie mwenyewe. Kuanzia leo hakuna wa kukubana, kompyuta yako iko peke yake. Rudi kasomeshe, mwanangu. Usende."

Hakujua kwamba kazi nimeshanyimwa, wala kwamba kompyuta yangu inakunywa kwenye sanduku hilo hilo. Alikuwa ameirudisha sadaka ya mumewe, ile aliyoninyima kwa saa moja, ameirudisha mbele za watu, kwa ajili yangu, na haikununua kitu.

"Nenda," akasema, "wasikungoje."

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Kwenye skrini paliandikwa kwamba hakuna mtandao. Chini ya mlango nikaona kivuli cha miguu yake. Alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza. Nikavaa spika za masikioni, nikakohoa, nikaanza kusomesha kwa sauti kubwa.