Waya wa Kushoto

"Beba kwa miguu, usibebe kwa mgongo," Sabiri alisema kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

Mlingoti wa alumini ulikuwa umemlalia Zuwena begani, ncha yake imevuka tezi ya mashua na kuning'inia nyuma ya trela, na mtu aliyebeba kitu cha namna hiyo hana pumzi ya kujibu. Kitako cha mlingoti kilikuwa tayari kimekaa mahali pake. Kilichobaki ni kutembea ndani ya mashua kuelekea omo, sehemu ya mbele, hatua kwa hatua, akiusukuma juu kwa viganja, huku katibu wa klabu, Methusela, akivuta kamba ya mbele akiwa chini mchangani.

"Vuta, Bwana Methusela. Usiache kamba ilegee."

Mlingoti ukapanda. Huko juu hapakuwa na waya wa umeme wala tawi la mti. Sabiri alikuwa amemfanya Zuwena, mkewe, atazame juu mara mbili kabla hajagusa chochote. Ukasimama, ukayumba kidogo, ukatulia. Nyaya tatu ndizo zilizoushika: mmoja mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto. Zuwena akaingiza pini ya waya wa mbele, akazikunja ncha zake kwa koleo, kisha akajifuta jasho kwa upindo wa kanga.

Hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika klabu ndogo ya mashua pale Raskazone. Sabiri alikuwa fundi wa klabu hiyo kwa miaka ishirini na sita. Hapakuwa na mashua pale ambayo hakuwahi kuifunga mlingoti, na wenye mashua walizoea kupanda bila kuuliza, kama mtu anavyopanda kitanda chake mwenyewe. Zuwena naye alikuwa mshona matanga. Cherehani yake ilikaa katika chumba cha nyuma, na kwa miaka mingi kazi zao zilikutana pale tu tanga lilipopandishwa.

Kisha, miezi saba iliyopita, siku ya pili ya Idi, kiharusi kilimwangusha Sabiri mlangoni mwa nyumba yao Chumbageni. Aliamka na mdomo uliopinda, ambao baadaye ulinyooka, na mkono wa kulia ambao haukunyooka. Tangu hapo walikuja kazini kwa bajaji moja. Yeye alikaa kitini akaelekeza, na Zuwena akafanya. "Mie ndiye kichwa, mwenzangu ndiye mikono," aliwaambia watu, nao wakacheka. Zuwena pia alicheka, ila si kwa moyo wote.

Alhamisi Methusela alikuwa amewaita ofisini. Kamati ingekaa Jumatatu, alisema, kuamua kama klabu ilete fundi kutoka nje. "Jumamosi mnashusha Zumaridi ya daktari. Ishusheni vizuri, nipate la kuwaambia."

Zumaridi ndiyo iliyokuwa juu ya trela sasa: mashua ya futi kumi na tano, ya faiba, kijani kilichopauka ubavuni. Mwenyewe, Daktari Asheri, alikuwa Mshambaa mwenye mvi, mstaafu, aliyemalizia utumishi wake katika kituo cha utafiti cha Amani akichunguza mbu. Alikuja na dada yake Leticia, ambaye alikuwa ameteremka kutoka Lushoto jana yake akiwa na kofia mpya ya ukili. Kikapu chake kilikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini.

"Kuogelea sijui," alikuwa amemwambia Zuwena walipoamkiana. "Lakini kaka yangu kasema nyinyi ndio mnaoifunga. Basi nikaja."

Maji yalikuwa yamejaa. Mteremko wa saruji, ambamo trela hurudishwa kinyumenyume mpaka mashua ielee, ulikuwa umefunikwa nusu. Kufika saa sita maji yangekuwa yamerudi, na mwisho wa saruji ni tope. Gari likiingia hapo hutolewa kwa kamba na matusi.

"Tusichelewe maji," Sabiri alisema. "Kaza waya wa kulia, kisha wa kushoto. Nyaya za Zumaridi nilizikagua mwenyewe Ramadhani."

Zuwena alikaza wa kulia. Kila waya ulikuwa na skrubu ya kukazia chini yake. Unaizungusha, waya unanyooka, ukiupiga kwa kidole unalia. Wa kulia ulilia. Akahamia upande wa pili.

Wa kushoto haukulia. Alizungusha mara nne, mara sita, mara nane. Skrubu ilikuwa ikila tu, na waya ulibaki vilevile. Alipoinua macho aliona mlingoti umeegemea kulia, kidogo sana, kiasi ambacho mtu angeweza kudhani ni trela ndiyo iliyoinama.

"Umekaza?" Sabiri aliuliza.

"Nakaza."

Alipiga magoti, akabandua utepe mweusi uliofunika waya pale chini, akaangalia unapojikunja kufanya kitanzi. Kitanzi hushikwa na vibano viwili vya shaba, na kila kibano hubanwa mara tatu kwa koleo kubwa la mikono mirefu. Sabiri mwenyewe ndiye aliyemfundisha cha kutazama: ncha ya waya lazima ichungulie nje ya kibano, upana wa ukucha. Ncha hii haikuchungulia. Ilikuwa imezama ndani kabisa. Na upande wa juu wa kibano palikuwa na kipande cha waya kinachong'aa, kisafi, hakijaonja chumvi. Waya ulikuwa unateleza.

Zuwena akakigusa kile kibano kwa kidole. Alama tatu zilikuwapo, lakini moja tu ndiyo iliyozama. Mbili zilikuwa za juujuu, zimekwenda upande, kama alama za meno ya mtoto kwenye embe bichi. Kibano cha pili nacho kilikuwa hivyohivyo.

Ile haikuwa kazi ya Sabiri. Na ilikuwa kazi ya Sabiri.

Ramadhani. Alikumbuka jinsi mumewe alivyoanza kushika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Alikumbuka tende zilizomponyoka wakati wa kufuturu, naye akasema swaumu ya mwaka huu ina uchovu. Siku moja, kabla ya tarawehe, alisimama mbele yake na kusema, "Hebu nifunge vifungo vya kanzu, macho yangu hayaoni vizuri." Naye akamfunga, vitano, mpaka shingoni, wala hakuuliza macho na vidole vinahusiana vipi.

"Mama Nasra!" Sabiri aliita. "Maji hayatungoji."

Zuwena akashuka kwenye trela. Methusela alikuwa amekwisha kuingia ndani ya gari la kuvuta trela na kuwasha injini. Daktari alikuwa akimvalisha dada yake jaketi la kuelea, na Leticia alikuwa amenyanyua mikono kama mtu anayepimwa nguo.

"Zima gari, Bwana Methusela," Zuwena alisema. "Mlingoti unashuka."

"Unashuka kwenda wapi?"

"Unalazwa. Waya wa kushoto mbovu."

Methusela akachungulia dirishani, akamtazama Sabiri, si yeye. "Mzee Sabiri, si umesema umezikagua?"

"Nimezikagua," Sabiri alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Waya huo nimeubana mie. Mwanamke huyu hajazoea skrubu ya upande ule, ina ugumu wake. Azungushe tena."

Zuwena alitembea mpaka kwenye kiti. Hakutaka kusema mbele za watu, kwa hiyo alichuchumaa, akajifanya anamweka sawa mumewe mguu wa suruali.

"Baba Nasra," alisema kwa sauti ya chini. "Ncha imezama. Vibano vimeng'atwa mara moja tu."

"Haiwezekani."

"Nimeona kwa macho yangu. Ulipovibana, hukuwa na mkono."

Mkono wenyewe ulikuwa umelala pajani pa Sabiri, kiganja juu, kama kitu alichopewa na mtu amshikie.

"Hukuniambia," Zuwena alisema. "Hata mie." Na hapo ndipo alipogundua kuwa ana hasira, hasira ya miezi saba ambayo hakuwa amejua ni yake.

"Ningesema, wangeniweka kando."

"Yule mama hajui kuogelea."

Sabiri akainua macho. Leticia alikuwa amekwisha kuvaa jaketi. Alikuwa amesimama kando ya trela akiwa amekumbatia kikapu, akiuangalia mlingoti juu mpaka kofia ikakaribia kumwanguka.

Sabiri alishika mkono wa kiti kwa kushoto, akainuka. Ilimchukua muda. Zuwena alinyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha.

"Daktari," Sabiri alisema. "Mashua yako haiingii majini leo."

Daktari Asheri akageuka. Methusela akazima injini.

"Mke wangu kasema kweli. Waya ule niliubana Ramadhani, wakati mkono wangu umeshaanza kufa. Koleo lile linataka mikono miwili. Nililiegemeza tumboni nikalisukuma hivyohivyo, nikaona limekubali. Halikukubali. Na mie nilijua kuwa sina hakika, nikafunga utepe mweusi juu yake, nikaenda zangu nyumbani." Akaonyesha kwa mkono wa kushoto. "Tena si huo tu. Ile mashua nyekundu pale ukutani, na ile ya buluu iliyofungwa kwenye boya kule majini. Zote tatu ni za wiki moja."

Kunguru alitua kwenye paa la bati la klabu, akatembea, kucha zake zikasikika.

"Ungekatika tukiwa kule?" Leticia aliuliza, akionyesha bahari kwa kidevu.

"Mlingoti ungewaangukia, mama."

Leticia akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa vizuri.

Daktari alikuwa akimtazama Sabiri, si mashua. "Ramadhani wiki ya ngapi?"

"Ya pili."

"Ulianguka Idi." Daktari alihesabu kwa vidole, kimyakimya. "Ulikuwa na wiki mbili na ushei, Sabiri. Mimi ni daktari wa mbu tu, lakini ningekushika mkono nikakupeleka kwa anayejua. Huenda mkono huo ungekuwa mzima leo."

Zuwena aliona mumewe akiyapokea maneno yale. Hakupepesa. Aliitikia tu, "Ndiyo, daktari," kisha akakaa, na safari hii kiti kilitoa mlio.

Methusela alishuka garini, akafungua vifungo viwili vya shati kwa joto. "Sasa Jumatatu mie niwaambie nini watu wa kamati?"

"Waambie uliyoyaona," Zuwena alisema. "Haya, shika kamba ya mbele. Unashuka pole pole, usiuachie."

Wakaulaza mlingoti. Zuwena alileta sanduku la vifaa, akaukata ule waya juu ya vibano vibovu, akapima waya mpya kwa kuulinganisha na wa kulia, mara mbili, ya tatu kwa hakika. Akakunja kitanzi, akavika kibano cha kwanza. Koleo lilikuwa zito. Aliweka mkono mmoja wa koleo chini juu ya tofali, akaulalia ule wa juu kwa uzito wake wote, mpaka shaba ikalia.

Sabiri alifungua kinywa. Zuwena alimwona kwa pembe ya jicho akitaka kusema idadi. Akakifunga tena.

Akabana mara ya pili, na ya tatu. Kibano cha pili, mara tatu. Ncha ikachungulia, upana wa ukucha. Akageukia mwisho wa pili wa waya, akaanza upya.

Alipomaliza, maji yalikuwa yamerudi mbali, na tope la mwisho wa mteremko lilikuwa limejaa kaa wadogo. Mlingoti ulisimamishwa tena pale pale nchi kavu. Alikaza wa kulia, akakaza wa kushoto. Nyaya zote zikalia.

"Basi sisi tutakula wapi?" Leticia aliuliza. Kabla hajajibiwa alikanyaga gurudumu la trela, akashika ubavu wa mashua, akapanda, kofia, jaketi na vyote. Akakaa kwenye ubao wa kukalia na kufungua kikapu. Daktari alimtazama dada yake kwa muda, kisha akapanda naye. Wakawa wanamenya mayai humo ndani, futi nne juu ya mchanga.

"Nipandishe tanga?" Zuwena aliuliza. "Tulione linavyokaa."

"Lipandishe," daktari alisema. "Tulione."

Alivuta jarari, kamba ya kupandishia tanga. Tanga lilipanda kwa mikunjo, likashika upepo wa adhuhuri, na Zumaridi ikajivuta juu ya trela hata matofali yaliyozuia magurudumu yakasogea mchangani. Leticia akapiga ukelele mdogo, akashika ubavu, kisha akacheka kwa sauti.

Zuwena aligeuka kumwonyesha mumewe. Kiti kilikuwa kitupu.

Alimwona mbali kidogo, kwenye mashua nyekundu ukutani. Alikuwa amekwenda peke yake, bila fimbo, akiwa ameuegemeza mwili kwenye ubavu wa mashua. Waya wa kushoto ulikuwa katikati ya vidole vyake vya kushoto, naye alikuwa akiushuka taratibu, kuanzia juu kadiri mkono ulivyofika, macho ameyafumba, akielekea chini kwenye kitanzi.