Kuku Aliyevunjwa Mguu

"Leo unashuka kitandani, Kasian, au nimwite daktari akubebe mgongoni?" muuguzi Siti aliuliza, mikono kiunoni.

Kasian alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yake yenye makovu ya nyuki. "Mwache daktari apumzike, dada. Mguu huu hauna haraka."

"Wewe ndiye huna haraka. Mguu unakusubiri."

Wagonjwa wa jirani walicheka. Kasian naye alicheka kidogo, lakini hakushuka. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mninga huko kwao Kibondo, akitundika mzinga wa gome. Paja la kushoto likavunjika, na hapa hospitali ya misheni, Kasulu, wakamtia chuma kirefu ndani ya mfupa. Kidonda kilikuwa kimefunga. Kilichobaki ni kukanyaga.

Daktari alikuja na picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chuma kilionekana kama mstari mweupe, na pale palipovunjika ukungu mwembamba ulikuwa umekizunguka.

"Huu ndio mfupa mpya," daktari alisema. "Umeanza kukishika chuma. Lakini mfupa hukua kwa kubebeshwa mzigo. Ukiulaza tu, utalegea, na chuma kitabaki kinacheza ndani. Hapo hutapanda mti tena, bwana. Pengine hata kutembea itakuwa shida."

Alipoondoka, Kasian aligusa paja lake. "Anasema kweli," alimwambia Siti. "Tawi nalo likibeba mzinga mzito hunenepa, likaimeza hata ndoana inayoushikilia."

"Basi?"

"Basi paja si tawi. Na kuku amekufa."

Siti, mtu wa Tanga, alikaa taratibu pembeni mwa kitanda. "Kuku gani tena?"

Kasian alimweleza huku akitazama ukuta. Siku ile alipoanguka, wakati watu wakitafuta lori, mzee Ntirampeba, muunga mifupa wa kijiji chao kipya cha ujamaa, alimvunja kuku mguu mahali palepale alipovunjika yeye, akaufunga kwa vijiti. Kuku akitembea, mgonjwa atatembea. Kwao watu walipimwa hivyo tangu zamani. Sasa jirani yao Bazilio alikuwa amepita kuleta salamu: mama anakuja, na yule kuku amekufa.

"Amekufa kwa nini?"

"Sikuuliza. Niulize nini tena, dada?"

Siti hakucheka. "Na huyo kuku aliwekewa chuma?"

"Hapana."

"Haya." Alimfunika shuka miguuni, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mchana Esteria, mama yake, aliingia wodini na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, kibuyu cha asali mkononi. Alisimama ghafla.

"Mwana wanje, mwanangu, mpaka leo umelala?"

"Mama, kuku amekufa."

"Amekufa, ndiyo. Mjinga yule!" Mama aliweka kibuyu chini. "Tulipomfungua vijiti tu, akaanza kuzurura. Leo yuko kwenye mihogo ya Kipriani, kesho ng'ambo ya kijito. Nimemfukuza mpaka magoti yameniuma. Kicheche amemkamata hukohuko."

Kasian aliinua kichwa. "Ng'ambo ya kijito? Alifikaje?"

"Angefikaje? Kwa lori?"

Mzee wa kitanda cha mlangoni alicheka mpaka akakohoa. Siti aligeuka, bakuli la dawa mkononi. Kasian alimtazama mama yake, akamtazama muuguzi, kisha akafunika uso kwa viganja, na mabega yakatikisika. Hakuna aliyejua kama alikuwa akicheka au akilia, na hakuna aliyemuuliza.

"Dada Siti," alisema hatimaye. "Nipe bega."

Alishusha mguu mzima, kisha ule mwingine. Sakafu ilikuwa bado na maji ya deki, baridi. Akasimama, pumzi ameibana, akisubiri kitu ndani ya paja kiachie. Hakikuachia. Uzito ulishuka taratibu hadi kwenye unyayo, ukakaa.

"Pumua, basi," Siti alisema.

Akapumua.

Walikwenda polepole, mama akitangulia kusogeza viti. Karibu na mlango saruji ilikuwa imekauka, na nyayo za Kasian zikabaki juu yake: wa kulia mzima, wa kushoto vidole tu. Mbele kidogo, vidole na kisigino. Jua lililoingia mlangoni lilikuwa limeshaanza kuzikausha.