Kiti cha Ndani Kabisa

Mwaka 1983, kipupwe kilipokuwa kikali, fundi wa pili wa maabara ya ioni alihamishiwa kwenye kiti cha fundi wa kwanza, ambaye wenzake walimwita Nukta kwa kuwa hakupata kukosea kipimo. Nukta alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Kiti chake kilikuwa cha ndani kabisa, ubavuni mwa mashine. Cha fundi wa pili kilikuwa mlangoni.

Kazi yao ilikuwa kurusha ioni kwa kasi zigonge bamba jembamba la metali. Ioni iking'oa elektroni iliyo jirani kabisa na kiini cha atomu, pengo halikai wazi: elektroni ya nje hushuka kuliziba, na katika kushuka huko eksirei hutoka. Kila metali ina eksirei yake, nayo haisemi uongo. Shaba haijapata kujiita chuma.

Fundi wa pili alipoketi kitini pa Nukta, alitoa eksirei. Mashine ilikuwa imezimwa. Kigunduzi kilichora mstari mmoja mrefu, mahali ambapo jedwali halina metali yoyote. Aliuandika daftarini, tarehe na saa, kisha akamalizia chai yake.

Alasiri alisafisha filamu iliyokuwa mezani. Eksirei yake ilikuwa imechora humo ukuta wa ofisi ya Mkuu wa maabara, droo iliyofungwa, na ndani ya droo beji ya Nukta: kile kipande cha filamu ambacho kila fundi hukivaa kifuani kipime mionzi iliyompata, nacho huzidi weusi kadiri mionzi inavyozidi. Kilikuwa cheusi tititi. Taarifa ya Mkuu ilisema kwamba beji ilipotea na Nukta alikufa kwa homa.

Fundi alimpelekea picha mjane wa Nukta. Bila sahihi ya Mkuu kwamba kazi ndiyo iliyomuua mumewe, yeye na watoto wanne wangeondolewa Jumamosi katika nyumba ya kazini.

"Ndiyo hii, shemeji?" mjane aliuliza.

"Ndiyo hii."

Mjane aliitazama sana. "Hata suti yake ya harusi haikuwa nyeusi hivi."

Waliingia pamoja kwa Mkuu. Mkuu aliiinua picha dirishani.

"Picha safi. Umeiendesha mashine dakika ngapi?"

"Sikuiendesha, Mkuu. Nilikaa tu."

"Basi hicho si kipimo. Nami kisicho kipimo sikitilii sahihi."

Akafungua droo kutafuta kalamu. Beji ilikuwa juu ya kalamu. Akaisogeza, akatwaa kalamu, akatia sahihi amri ya kuhama, akaifunga droo.

"Pole sana, mama."

Ukumbini mjane aliuliza, "Na ule waya?"

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa na swichi ya kuizima mashine mtu aingiapo. Mkuu aliamuru ifungwe kwa waya, kazi isisimame, na Nukta akaingia kubadilisha mabamba mashine ikiwa kazini.

"Bado upo."

"Siku ile ilikuwa zamu yako, shemeji. Alikushikia ukamzike shangazi yako."

"Najua. Ananidai."

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, lori lilipokuwa likipakia vitanda, fundi wa pili alivaa beji yake, akaandika jina la Nukta katika daftari la zamu, akaingia kubadilisha mabamba huku mashine ikiunguruma. Alifanya saa zote nane.