Bado Wanafikiri

Sostenes hakuwa mtu wa kutulia. Kwao Ushirombo walizaliwa tisa, na aliyechelewa kusema alikuta maneno yamekwisha, basi alikua akisema haraka, akijibu haraka, akiwamalizia watu sentensi zao. Chuoni, alikokuwa mwaka wa pili akisomea ualimu, wenzake walimpenda kwa hilo. Kipindi chake hakikuwahi kupooza. Kwa hiyo alipopangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Nyarugusu, hisabati, darasa la nne, alikwenda kifua mbele.

Wiki ya kwanza ilimtikisa. Nje ya uzio makarasha yalisaga mawe ya dhahabu tangu asubuhi, watoto walimtazama bila kusema kitu, na yeye akazidi kupaza sauti. Aliuliza, akajibu. Akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akauliza tena, akajibu tena. Kengele ilipolia shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Mwalimu Asteria, aliyekabidhiwa kumlea muda wote wa mazoezi, alikuwa amekaa nyuma akimtazama. Wakakutana varandani.

"Shikamoo madam. Umeonaje?"

"Marahaba. Zana zako nzuri, mwandiko mzuri. Ila maswali yote uliyouliza umeyajibu wewe."

"Walikuwa hawajui, madam."

"Ulijuaje?"

Sostenes akaanza kukung'uta vumbi la chaki mikononi.

Asteria hakumkemea. "Watoto wetu nyumbani wanaongea Kisukuma. Swali lako likimfikia, mtoto analigeuza kwanza kichwani, analitafutia jibu, halafu analirudisha kwa Kiswahili. Huo ni mwendo. Wewe unamfungia mlango bado yuko njiani. Kesho ukiuliza, nyamaza."

Kusema ni rahisi. Kesho yake aliuliza, akanyamaza, na ukimya ule ukampanda kama siafu walioingia kwenye suruali. Akavunja chaki. Akahisi kila mtoto anamwona hajui. Akajibu mwenyewe. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Jioni alizunguka uwanja wa shule akijiuliza kama kazi hii ni yake kweli, maana mtu asiyeweza kukaa kimya kidogo mbele ya watoto wadogo ataweza nini?

"Tatizo lako ni miguu," Asteria alimwambia baada ya kuingia tena darasani kwake. "Ukisimama mbele, mwili unatafuta kazi. Ukishauliza, weka chaki mezani, nenda ukakae nao kwenye dawati."

Ilisaidia kidogo. Mara mojamoja mkono uliinuka. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzoea alipofika mkufunzi Donatus kutoka chuoni, kuja kumpima.

Donatus alikuja na haraka zake. Wanachuo wengine walikuwa wakimsubiri huko Bukombe, na dereva wa pikipiki hakuzima injini mpaka alipoambiwa. Akakaa nyuma kando ya Asteria, akatoa kalamu.

Sostenes aliandika ubaoni nusu na theluthi. "Ipi kubwa?"

"Theluthi!" darasa zima likaitikia.

"Kwa nini?"

Kimya.

Akaweka chaki mezani, akaenda kujibana kwenye dawati la mbele kati ya watoto wawili. Makarasha yalinguruma. Magoti yake yaligonga mbao. Nyuma akasikia kiti cha mkufunzi kikilia. Sijibu, akajiambia. Leo sijibu.

"Mwalimu, unaumwa?" Donatus aliuliza.

"Hapana, mkufunzi."

Kimya kikaendelea mpaka kikamshinda Donatus. Akainuka, akapita katikati ya madawati, akachukua chaki. "Haya watoto, tumsaidie mwalimu wetu. Tazameni hapa. Nusu maana yake—"

"Samahani, mkufunzi." Sostenes alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Mwanachuo hamkatizi mkufunzi, tena siku ya kupimwa. "Samahani sana. Naomba tusubiri. Bado wanafikiri."

Donatus akabaki na chaki hewani, uso umemwiva. Hakuna aliyecheka.

Ndipo akasimama Lusia, msichana wa dawati la dirishani ambaye Sostenes hakuwahi kusikia sauti yake. "Mwalimu, mawe wakigawana bhabhili..." Akasita, akitafuta neno. Sostenes alilijua, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akajizuia. "Watu wawili," Lusia akasema, "kila mtu anabeba mengi. Wakiwa watatu yanapungua. Nusu ndiyo kubwa."

"Si kweli, tatu inaizidi mbili!" mwingine akadakia, na darasa likawaka. Wakabishana kwa Kiswahili na Kisukuma, wengine wamesimama, mmoja akigawa vizibo vya soda juu ya dawati ili aaminiwe. Kengele ilipolia, sehemu kubwa ya andalio la somo haikuwa imeguswa.

Nje, Donatus alimpa karatasi ya tathmini. Matumizi ya muda: hafifu.

"Hukumaliza somo," alisema. Alipokuwa akipanda pikipiki akaongeza, kwa sauti ya chini, "Yule mtoto, mimi ningemuwahi kujibu." Akaondoka.

Sostenes hakujua acheke au alie. Akawa anakwenda na kurudi varandani. "Nimefeli, madam?"

"Hujafeli. Umepata wastani." Asteria alimrudishia karatasi, akawa akiwatazama watoto waliotoka bado wanabishana. "Darasa lile ninalo tangu mwaka jana, na Lusia sijawahi kumwona anasimama. Nami nilidhani nasubiri." Akamgeukia. "Kesho kwenye kipindi changu cha sayansi uje ukae nyuma. Uniangalizie ninapowakatiza."

"Mimi, madam? Nikukague wewe?"

"Nani mwingine?"

Sostenes akakubali, akaenda bombani kunawa chaki.