Moshi wa Jumba la Mwami

Nyiramahirwe, mtunza moto wa mwami, alikuwa mtu wa nyumba yenye kelele. Enzi za mwami, mfalme wa milimani, jumba lile la kando ya ziwa Kivu halikukosa watu: wageni wa Masisi, wapishi wanaogombana, wake wakubwa na siri zao, naye akijua nani amemnunia nani na kwa nini.

Rebellion ya kwanza, vita vya waasi, ilipokuja, mwami alivuka ziwa. "Nikirudi nikute unawaka," alimwambia, akionyesha moto wa uani. Hakusikika tena. Askari wa rebellion hiyo walibeba magodoro, wale wa rebellion ya pili wakang'oa milango. Yakabaki marumaru, upepo wa ziwani, na Nyiramahirwe akichochea. Kwa desturi, moto ule huzimwa siku mwami anapokufa tu. Maadamu moshi unapanda, mwami yuko, na mutu haingii asipoitwa naye. Majirani wakipita ukutani walishusha sauti. Umbeya akabaki kuupigia sufuria.

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Mji ukaungua, watu wakamiminika kwenye barabara ya Sake na magodoro kichwani. Nyiramahirwe alifagia vyumba vyote, na, aibu ilioje, moyo wake ulikuwa unacheza kwa furaha. Akasimama getini.

"Ingieni. Vyumba ni vingi. Batoto banameza majivu ya nini?"

Wakautazama moshi juu ya paa, wakainamisha macho. Uwingabire, aliyekuwa akileta maziwa pale zamani, shoga yake wa maneno yote, alisimama na mjukuu mgongoni.

"Mama, mwami ametuita?"

"Mwami hayuko, dada. Iko miaka."

"Na moshi?"

"Ni mimi nachochea."

"Sasa unamchochelea nani?"

Muzee Munyakazi akacheka, akikohoa. "Huyu anataka tutozwe faini ya ng'ombe kwa kuingia bila kuitwa, na hata mbuzi hatuna."

Wakaketi nje, kandokando ya ukuta, majivu yakiwanyeshea. Mjukuu wa Uwingabire alikuwa akikohoa kama mtu mzima.

Nyiramahirwe akarudi uani. Kuuzima ni kumzika mwami bila maiti, bila habari. Na kama yuko njiani? Akasikia tena kile kikohozi. Akainua ndoo ya maji, akaumwagia moto.

Moshi ulifuka mweupe, kisha ukakatika. Nje, Uwingabire akaanza kulia kwa sauti, na wanaume wakavua kofia. Msibani hakuna anayengoja kuitwa. Wakaingia wote, na magodoro yao ndani ya sebule ya marumaru.

"Alikufa lini?" Munyakazi aliuliza taratibu.

"Leo," alijibu.

Jumba likajaa vikohozi, minong'ono, hata vicheko vya kuibia. Nyiramahirwe akasogea kwa Uwingabire na wenzake, masikio wazi. Maneno yakakatika. Wakampisha nafasi katikati ya mkeka, wakainamisha vichwa, kama inavyofanywa kwa mfiwa. Akahamia kikundi kingine. Nao wakanyamaza.