Funguo za Mama

Mimi ni mkufunzi wa saikolojia katika chuo cha ualimu. Mwaka wa kumi na mbili huu nawaambia wanafunzi yale yale: kujifunza kuna njia mbili, msizichanganye. Ya kwanza, kengele inalia, chakula kinakuja. Baada ya siku kadhaa mbwa anadondokwa mate kwa kengele tupu. Hakufanya lolote, yamemkuta tu. Ya pili, mnyama anafanya kitu, anatuzwa, anarudia. "Tumeelewana?" Wanaitikia, halafu kwenye mtihani wanaboronga. Wananitia hasira hao!

Nisichowaambia ni kwamba huyo mbwa ni mimi. Baba alikuwa mkali kupita kiasi. Funguo zake zikigonga mlangoni, sisi watoto kimya kama maji mtungini. Amekufa miaka tisa sasa, lakini mtu akitikisa funguo koridoni, jasho linanitoka.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kutoka kazini, nikachomeka ufunguo. Ndani, binti yangu wa miaka mitano alikuwa anaimba. Wimbo ukakatika. Nilimkuta ameketi, mikono mapajani, vile vile nilivyokuwa nikikaa mimi. Mungu wangu, mzee yumo humu humu ndani!

"Dada, mtoto anakuogopa," mdogo wangu anayemlea akaniambia jikoni. "Unafoka mno. Usijifanye huoni."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Lakini si mimi mtaalamu? Nikaamua kumtoa mzee kwa njia ya kwanza: funguo zilie, pipi ifuate. Wiki tatu, kila jioni, nilitikisa funguo, nikaingia na pipi mkononi, nikitabasamu mpaka mashavu yananiuma. Sikufoka hata mara moja. Akaanza kunitazama usoni. Nikajipongeza, tena sana.

Jana nikampakata. "Mwanangu, siku hizi ukisikia funguo za mama unafurahi, eti?"

"Ndiyo. Napata pipi."

"Na unajua kwa nini nakupa?"

"Kwa sababu nanyamaza." Akanisogelea sikioni, anajisifu. "Juzi nilinyamaza ukiwa bado kwenye ngazi. Siku hizi hata mama mdogo hanisikii."

Nilitaka kumwambia aimbe. Nilitaka kulia. Nikainuka vibaya, funguo zikaniponyoka, zikagonga sakafu.

Akafumba mdomo, akanyoosha mkono.