Ukuta wa Nta

Mke wangu aliacha mizinga mitatu ya nyuki wasiouma. Miwili ilikufa mwaka uleule aliokufa yeye. Yeye aliuawa na foleni: siku nne kwenye benchi la hospitali, mkubwa mwenye ufunguo wa chumba cha mashine yuko semina. Nyuki waliuawa na ukungu. Huo wa tatu, nilipoona ukungu umeanza kuota juu ya watoto wao, niliubeba begani mpaka kwenye maabara ninakoosha vyombo.

Daktari wa pale si wa watu, ni wa wadudu. Umri wake ni wa kitinda mimba wangu. Alikuwa akitafuta kitu ndani ya mwani wa baharini ambacho ukungu haukipendi. Aliwahamishia nyuki kwenye sanduku lenye kifuniko cha kioo, akasema, "Mzee, tuanze na hawa wa mama. Wewe suuza mwani maji saba. Mimi nitauchemsha, niukamue, nichanganye na maji ya sukari."

"Saba? Kwani huu mwani unaolewa?"

"Chumvi, Mzee. Mpaka iishe yote. Na kila maji, weka alama kwenye karatasi."

Sasa, mkurugenzi wetu alikuwa ameamuru bomba lifungwe saa nne asubuhi, ati kubana matumizi. Maua ya dirishani kwake yalinyweshwa kutwa. Nilisuuza maji matatu, bomba likakohoa, likanyamaza. Nikaweka alama saba. Nilijiambia mwizi ni yeye aliyefunga maji. Mimi nimeandika tu wanachopenda kusoma.

Siku ya tatu Daktari aliniita. "Njoo uone."

Nikainama juu ya kioo. Miaka thelathini nyuki hao walikaa ukutani kwangu, na ndani sikuwahi kuchungulia. Mke wangu ndiye aliyefungua. Mimi nilikuwa wa kulamba kijiko. Kumbe mdudu mdogo kuliko punje ya mchele amejenga ghorofa. Vyumba vya watoto vilipanda vikizunguka kama ngazi ya mnara, kila sakafu imesimama juu ya vinguzo vyembamba kama uzi. Pembeni vyungu vya asali, mviringo mtupu, kama vimefinyangwa na mtu mwenye subira. Hakuna msimamizi anayepiga kelele, hakuna anayegombea kiti.

"Tazama kwenye chakula," akasema.

Chombo cha maji ya sukari hakikuonekana. Walikuwa wamekizungushia ukuta wa nta na utomvu, chini hadi juu, bila tundu. Walionja, wakakataa, kisha wakahakikisha hata mjinga wao haonji.

"Sijui nimekosea wapi," alisema. "Vyungu vyenye asali vimebaki viwili, na mvua hii hakuna ua. Wasipokula, wiki haiishi. Labda mwani wenyewe ni sumu. Nitauacha."

Akiuacha mwani, ukungu utawamaliza. Akiendelea na ule nilioosha mimi, njaa itawamaliza. Jina la mkurugenzi lilikuwa tayari ulimini, maana nimemtafuna miaka mingi. Lakini mbele ya ukuta ule lilinikwama.

"Maji matatu," nikasema.

"Nini?"

"Nilisuuza matatu. Alama saba niliziweka tu."

Macho yake hayakutoka kwenye kioo. "Kumbe wao wameijua chumvi, mimi na darubini yangu nimelala."

"Bomba alifunga mkurugenzi," nikaongeza. Mazoea yana taabu.

"Na kalamu alishika nani, Mzee?"

Nikaichukua ile karatasi, nikakata alama nne.

Kesho yake nilifika saa kumi na mbili. Kabla bomba halijafungwa, maji saba yalikuwa yamepita, na ya saba niliyaonja mwenyewe, hayana chumvi. Daktari akachemsha, akakamua, tukaweka chombo kipya upande wa pili wa sanduku.

Alikuja nyuki mmoja. Akapapasa kwa vipembe vyake, akagusa, akarudi ndani. Nikajua tumekwisha. Sijui aliwaambia nini wenzake, wala kwa lugha gani, lakini walitoka kumi, kisha ishirini, wakajipanga ukingoni kama ng'ombe mtoni, vichwa chini. Matumbo yao yalijaa mpaka yakang'aa.

"Habari ya ukungu tutaijua wiki ijayo," Daktari alinong'ona, kana kwamba tuko kwenye nyumba ya ibada. "Leo wamekula."

Vyombo vya kuosha vilinisubiri. Nilibaki nimeinama hapo mpaka shingo ikakaza, nikiwahesabu, nikipotea, nikianza upya.